Wageni Watakula kwa Nani

Same, Jumapili, 14 Mei 1972
Asubuhi mawingu yameukalia mlima, huku chini ni vumbi na upepo.

Mdogo wangu Hezroni,

Marahaba. Barua yako imenifikia Alhamisi, imekunjwa mara nne kama dawa ya unga ya hospitali. Najua utanicheka kwamba naanza na hali ya hewa, lakini ndivyo ninavyoanza shajara yangu kila siku na mkono umeshazoea.

Sisi tu wazima. Baba kikohozi kimemwacha, na Jumapili iliyopita alisoma somo kanisani kwetu Mamba, huko mlimani, mwanzo hadi mwisho bila kusimama kupumua. Mama ametenga jogoo wawili kwa ajili ya harusi yako na hataki mtu awaangalie hata kwa macho. Mimi niko pale pale, ghala la ushirika. Gunia likiingia naandika, likitoka naandika.

Nimefurahi kwamba tarehe imepatikana, Jumamosi ya 26 Agosti, na kwamba Honorata amekubali kupanda mlima wetu. Mwambie asije na viatu vya kisigino.

Sasa uliloniuliza. Wageni wenu wanafika Same Alhamisi, wanashinda Ijumaa, wanapanda na lori Jumamosi alfajiri kupitia Kisiwani. Unataka kujua watalala wapi, watakula wapi na jioni wataburudika wapi. Neno hilo la mwisho limepigiwa mstari, nami nikauona mkono wa rafiki yako Sefu.

Kulala, nyumba ya wageni iliyo nyuma ya stesheni ni safi na mashuka yanafuliwa kweli. Waombe vyumba vya upande wa msikiti. Upande wa reli treni ya usiku hupita kana kwamba inapita chini ya kitanda.

Chai ya asubuhi waende kwa Mwamvita, karibu na soko. Maandazi yake yana iliki, na mbaazi za nazi hupika Ijumaa tu. Wafike mapema, kabla madereva wa malori hawajamaliza sufuria. Nyama ya mbuzi wakale kwa wachomaji wa mnadani. Mbuzi ni wa Kisiwani, mchinjaji ni Mwislamu, kwa hiyo Sefu asiwe na wasiwasi. Ubavu wauchague wenyewe. Ukikubali kuchaguliwa unapewa shingo na tabasamu. Makande wasiagize mjini hata kidogo, wangoje ya Mama. Makande ya mjini yana haraka, harage bado linagonga sahani.

Kuhusu jioni, mna bahati. Ijumaa ya mwisho wa mwezi kuna dansi ukumbi wa chama, na kama barabara ni nzuri bendi hutoka Tanga. Watu wa mashamba ya katani hupanda matrekta kuja kucheza. Wanacheza vizuri kuliko sisi na hawapendi kukanyagwa. Mjomba wa Honorata, unayesema anapenda kinywaji cha wenyeji, nitampeleka mwenyewe kilabuni akaonje dengelua. Mwonye tu kwamba ni maji ya muwa kwa ulimi, kwa magoti ni kitu kingine.

Baba anasema atashuka Ijumaa. Ni lazima baba wa bwana harusi ale na watu wa bibi harusi kabla hawajaukanyaga mlima. Chakula hicho cha jioni nitakipanga mimi, kwa Mwamvita.

Dada yako,
Eliakunda


Dar es Salaam, 30 Mei 1972

Dada Eliakunda,

Shikamoo. Hapa ni joto na kiwanda kinafanya kazi zamu tatu. Honorata anakusalimu. Amesoma barua yako kwa sauti bwenini na wasichana wenzake wameishindania kama gazeti. Sefu ameinakili sehemu ya dansi.

Ila Dada, wewe unayeandika kila gunia, hoteli kubwa kuliko zote Same umeiachaje? Kila mtu aliyepita Same kwa basi anaitaja kwa Rogathe. Msimamizi wangu alikula pale mwaka jana akienda Moshi, na mpaka leo akiona ndizi sokoni anahema. Halafu nimekumbuka, Rogathe huyu si ndiye wa Mamba, wa ile nyumba ng'ambo ya bwawa letu la ndiva? Nilipokuwa mdogo nilikuwa nauona moshi wao kutoka shambani. Mtu wa kwetu kabisa, tuna sababu gani ya kwenda kwa wengine?

Nijibu.

Mdogo wako,
Hezroni


Same, Jumapili, 11 Juni 1972
Asubuhi baridi, ukungu umeshuka mpaka reli.

Mdogo wangu Hezroni,

Marahaba. Baba na Mama hawajambo. Kahawa ya Baba imeanza kuiva.

Sikuisahau. Pale panajaa watu wa mabasi, kuna moshi, na mtu anakula huku kondakta anapiga honi. Mzee wa kanisa hawezi kukaa pale akapokea wakwe. Kwa Mwamvita pametulia, nimeshazungumza naye.

Wageni wako wakitaka kwenda kwa Rogathe wenyewe, waende, ni watu wazima na si wa Mamba. Wewe na Baba mtakula kwa Mwamvita.

Wasalimu.
Eliakunda


Dar es Salaam, 2 Julai 1972

Dada Eliakunda,

Shikamoo. Natumaini kahawa imeiva yote. Honorata amepata kitambaa cha gauni kwa foleni ya siku nzima.

Dada, barua yako ilichelewa. Kabla haijanifikia nilikuwa nimeshamwandikia Rogathe, nimeagiza chakula cha Ijumaa jioni kwa watu wote, Baba, wewe, mimi, watu wa Honorata, marafiki. Amejibu kwa posta iliyofuata. Maneno yake ni haya: "Mwambie baba yako, mzee Tumainieli, nitapika kwa mikono yangu, sitamwachia mpishi." Ni heshima hiyo au si heshima? Nimemwandikia Baba pia kumweleza.

Moshi wa jikoni haujamuua mtu. Mwamvita muombe radhi kwa ajili yangu.

Hezroni


Same, Jumapili, 16 Julai 1972
Asubuhi anga nyeupe, hakuna upepo.

Hezroni,

Mama mzima. Mimi mzima.

Baba alikuja Jumatano na lori la kahawa, barua yako mfukoni. Hakukaa. Alisimama mlangoni kwangu na kofia yake kichwani.

"Umeisoma hii?"

"Nimesoma yangu."

"Nani alimpa jina la yule mwanamke?"

"Mabasi, Baba. Mabasi yote yanasimama pale."

"Mwandikie kwamba nitaumwa."

"Utaumwa lini?"

"Ijumaa. Na Jumamosi."

Nikamwambia, Baba, Jumamosi ndiyo harusi yenyewe. Akasema anajua siku za juma. Nikamuuliza kama nikuandikie sababu. Akasema sababu ni ugonjwa. Kisha akaenda kukaa kwenye lori, na halikuondoka mpaka saa kumi.

Futa chakula kile. Mwandikie Rogathe leo, mwambie wageni wamepungua, mwambie lolote. Hujafanya kosa lolote, lakini lifute. Na usiniulize. Jambo si langu, na mwenye nalo ameshasema anaumwa.

Eliakunda


Dar es Salaam, 29 Julai 1972

Dada,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko ninavyosoma za mtu mwingine yeyote, na bado haina kitu ndani.

Nilikosea nikamwonyesha Honorata. Naye akamwambia mjomba wake, kwa sababu mjomba ndiye aliyemlea na ndiye atakayemkabidhi. Mjomba alicheka, Dada, lakini si kicheko cha furaha. Akaniuliza, "Huyu baba yako anaugua ugonjwa wenye tarehe?" Kisha akasema anaelewa. Mzee wa Kilutheri wa mlimani hataki binti wa Kiluguru, tena Mkatoliki, ila ana adabu hivyo anatanguliza maradhi. Nikakataa. Akaniambia nieleze basi ni nini.

Uamuzi wake ni huu. Ijumaa baba wa bwana harusi akae nao wale pamoja, na kama hayupo, Jumamosi asubuhi watapanda basi la kurudi, na Honorata wataondoka naye. Honorata hakumpinga. Alisema tu, "Hezroni, nitaingiaje nyumba ambayo mwenyewe anajificha nisimwone?"

Kila siku tunaambiwa sote ni ndugu, tunalima shamba moja, tunakula jikoni moja. Kumbe kwetu kuna jikoni zisizotajwa. Chakula cha Rogathe sikifuti. Nitakifutaje bila sababu? Kama unayo, iandike. Kama huna, nitakula pale Ijumaa mbele ya wote na Baba ataniambia mwenyewe.

Hezroni


Same, Jumapili, 6 Agosti 1972
Asubuhi jua kali, mlima unaonekana wote mpaka miti.

Mdogo wangu,

Marahaba. Leo salamu zitakuwa fupi. Wazee hawajambo.

Nakuandikia bila ruhusa ya Baba. Nimefikiri juma zima, nikaona nikinyamaza utakosa mke, na nikisema Baba atanikasirikia. La pili linavumilika.

Unaikumbuka ndiva, lile bwawa la juu ambapo maji ya kumwagilia hukusanywa usiku na kufunguliwa kwa zamu, kila nyumba na siku yake. Mwaka mmoja wa ukame, kabla wewe hujazaliwa, siku ya zamu yetu ndiva ilikutwa tupu alfajiri. Maharage yetu yalikauka yote. Babu akasema maji yamefunguliwa na babu yake Rogathe, kwa kuwa shamba lao ndilo lililokuwa limelowa. Yule akakana. Babu akachukua chungu cha kupikia, akakipasua mdomoni mwa ndiva mbele ya watu, akaapiza kwamba tangu siku ile mtu wa nyumba hizi mbili atakayekula kilichopikwa kwenye moto wa wenzake hatafikia mavuno.

Baba alikuwa ameshabatizwa. Alisema ni maneno ya kipagani. Hata hivyo hatukula kwao wala wao kwetu, na hakuna aliyelizungumza. Ingetosha.

Lakini Eliufoo hakuambiwa. Wewe unajua tu kwamba ulikuwa na kaka aliyekufa kwa kuhara, na kaburi lake umelipalilia. Hiyo ni kweli, mganga wa misheni aliandika hivyo na watoto wengine wa Mamba walikufa msimu ule ule. Usichojua ni kwamba siku chache kabla hajaugua alikwenda kucheza ng'ambo ya ndiva na akala kwa kina Rogathe. Alikuwa na miaka sita. Alirudi akajisifu kwa Baba kwamba amekula makande ya watu na hakuna aliyemfukuza.

Baba hakumpiga. Nakumbuka alikaa chini.

Kwa hiyo ukisema Baba ni mkaidi, au anambagua Honorata, umekosea. Akikiri kanisani kwamba anaogopa chungu, watamtenga, na amekuwa mzee wa kanisa tangu wewe uko shule. Kwa mdomo wake hakiogopi. Anachoogopa ni kukuzika wewe. Anaona afadhali uoe yeye hayupo, kuliko uwe mezani pale na yeye ameketi anakutazama unavyokula.

Nisingekuandikia haya kama Rogathe mwenyewe asingekuja kwangu Ijumaa usiku. Tumekaa mji mmoja miaka sita, tunaamkiana barabarani, hajawahi kuingia kwangu. Alikataa kiti.

"Hezroni hajui, sivyo?" akaniuliza.

"Hajui."

"Nilijua hajui. Angejua asingeandika barua nzuri vile."

"Na wewe ulikubali kwa nini?"

"Kwa makusudi. Dada Eliakunda, mimi napikia madereva, napikia mabwana shamba, juzi nimempikia mkuu wa wilaya. Nchi nzima inakula kwangu isipokuwa baba yako. Akishuka Same anapita upande wa pili wa barabara, hata mvua inyeshe."

Nikamwambia anajua sababu. Akasema, "Najua kuliko wewe. Siku ile tulikula sahani moja, mimi na Eliufoo. Mimi nipo. Unajua nimeulizwa mara ngapi Mamba kwa nini nipo?"

Nikamtengea tena kiti na safari hii akaketi.

Hapo ndipo tukapanga jambo, nalo nataka ulikubali kama lilivyo. Kilichoapizwa ni moto na chungu. Hakuna aliyeapiza mkono wa mpishi. Mbele ya nyumba yangu anakaa Sebastiani, mtu wa reli, Mfipa wa Sumbawanga, ana ua mpana na hana habari na ndiva ya mtu. Rogathe atapika uani kwa Sebastiani. Kibiriti atawasha Sebastiani, kuni za Sebastiani, sufuria nitaazima jikoni shule ya msingi. Rogathe hataleta kwake hata mwiko. Wageni wataambiwa hotelini mabasi yamejaa, tumetafuta mahali pa nafasi. Nimemwambia Sebastiani ukweli wote. Akasema, "Kwetu huapizwa ng'ombe, kwenu chungu," akaenda kufagia ua.

Nitapanda Mamba Jumamosi ijayo kumwambia Baba moto ni wa nani. Akikataa nitakupigia simu ya posta. Usiponisikia ujue atashuka.

Mjomba wa Honorata mwambie mzee amepata nafuu. Honorata mwambie yote. Yeye anaingia nyumba hii, asiingie akiwa kipofu.

Dada yako,
Eliakunda


Dar es Salaam, 18 Agosti 1972

Dada Eliakunda,

Shikamoo. Hujapiga simu.

Nimesoma. Honorata amesoma. Akauliza kaburi la Eliufoo liko upande gani wa nyumba ili siku ya kufika asilipite bila kujua.

Tutakula kwa Sebastiani. Sefu anauliza kama dansi bado lipo. Nimemwambia lipo.

Hezroni


Dar es Salaam, 2 Septemba 1972

Dada Eliakunda,

Shikamoo, na asante. Tumefika salama na basi halikuharibika zaidi ya mara moja. Honorata ameshatundika picha ya kanisa la Mamba ukutani. Mjomba anasema dengelua ni kinywaji cha watu waongo, na anauliza kama inaweza kusafirishwa kwa treni. Sefu bado anachechemea, kuna mtu wa katani alimkanyaga, au yeye ndiye aliyemkanyaga mwenzake, hadithi yake inabadilika kila siku.

Sherehe haina doa. Lakini kuna jambo nimerudi nalo. Ijumaa ile uani kwa Sebastiani, nilikuwa mkabala na Baba. Alikaa karibu na mjomba, alikula, aliongea habari za kahawa, alimpa Honorata paja la kuku kwa mkono wake. Nilishusha pumzi. Ila hakugeuka hata mara moja kuutazama moto. Rogathe alisimama pale na mwiko wa kuazima jioni nzima, hakula, na Baba alishukuru kwa sala Mungu, mwenye ua, mwenye sufuria na dereva wa lori. Mpishi hakumtaja. Nilimwona Rogathe akikusanya sahani. Niliona aibu, Dada.

Halafu Jumatatu mlipotusindikiza, basi lilipogeuka niliwaona kutoka dirishani. Nyumba yako iko kulia. Baba alikuwa anavuka kwenda kushoto, peke yake, na wewe unamwita.

Alikuwa anakwenda wapi?

Hezroni


Same, Jumapili, 10 Septemba 1972
Asubuhi mawingu, saa mbili manyunyu kidogo, vumbi limetulia.

Mdogo wangu Hezroni,

Marahaba, na marahaba ya Honorata pia. Mama amepata nafuu ya uchovu na anamsifu mkamwana kwa kila anayepita, hasa kwa kuwa aliomba aongezwe makande. Jogoo mmoja amesalia na sasa anajiona mkubwa.

Umeona sawasawa. Nilimwita, "Baba, nyumbani ni huku." Hakugeuka. Nikamfuata.

Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Rogathe. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, basi la Moshi limesimama, meza zimejaa. Alisimama mlangoni, akavua kofia. Watu wa basi waliendelea kula, hawakujua wanatazama nini. Watu wawili wa Mamba waliokuwa pembeni waliacha kutafuna.

Rogathe alikuwa na sahani tatu mkononi. Alizipeleka kwanza zilikokuwa zinakwenda. Kisha akarudi akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Karibu ukae."

Baba akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Mimi nikakaa mbele yake. Rogathe akajifuta mikono, akamuuliza kama anavyomuuliza dereva yeyote.

"Nikuletee nini?"

Baba alitazama meza. "Una maji?"

Akaleta bilauri. Baba hakuigusa.

"Ya wapi haya?"

"Ya bomba, mzee."

"Bomba la nani?"

"La serikali."

Akayafikiri hayo. "Basi haya hayana zamu," akasema, akanywa yote mpaka chini, taratibu, kama mtu anayekunywa dawa. Rogathe alikuwa bado amesimama. Kondakta alianza kupiga honi, watu wakainuka, viti vikaburuzwa, na katika kelele ile Baba akauliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Siku ile alikula vizuri?"

Rogathe hakuuliza nani.

"Alikula, mzee. Alichagua mahindi, maharage akaniachia mimi."

"Alikuwa hapendi maharage," Baba akasema.

"Alisema nisimwambie mtu."

Baba alicheka, Hezroni. Pumzi moja tu, puani, na mara akainamisha uso kwenye kofia, akakaa hivyo mpaka basi likaondoka. Rogathe aliondoa bilauri, akaenda nayo jikoni, akakaa huko.

Alipoinuka, Baba aliongea na mlango wa jikoni. "Wewe binti. Juzi ulipika vizuri. Leo chakula siwezi."

Sauti ikajibu kutoka ndani, "Nitakuwekea siku nyingine, mzee."

"Leo siwezi," akarudia, akaenda kutafuta lori. Nilimsindikiza. Kwenye lori alinipa mkono kama mtu mgeni, na akaniambia nisikuandikie. Kwa hiyo hii ni mara ya pili simtii, nawe usimwambie.

Kuna kitu kimoja zaidi, na ni changu.

Nilirudi kwa Rogathe. Nilijiambia narudi kumshukuru. Hakukuwa na mtu, alikuwa anafuta meza. Akanitazama, akaingia jikoni, akatoka na chai ya maziwa na andazi moja kwenye sahani, akaviweka mbele yangu na kuendelea kufuta meza nyingine. Hakunikaribisha. Aliniachia mwenyewe.

Mimi nimesoma, Hezroni. Najua kidudu kilichomuua Eliufoo kinavyoonekana, nilikiona kwenye kitabu cha afya shuleni, kimechorwa na mkia. Mpango wote wa moto wa Sebastiani niliutengeneza kwa ajili ya Baba, kama mtu anayemfungia mtoto kamba ya kiatu. Na pale mbele ya chai nikashindwa kuinua mkono. Chai ikaanza kushika utando juu. Rogathe alifika meza ya mwisho, akaanza kufuta ile ile mara ya pili.

Nikainywa. Nikala na andazi. Lilikuwa limezidi sukari, nikamwambia, akasema, "Madereva ndivyo wanavyopenda," na sote tukaangalia pembeni.

Usiku ule nilikaa na taa kando ya kitanda, nasikiliza tumbo langu. Nilipanga kumgongea Sebastiani likianza. Majogoo wa mtaa walikosea saa mara mbili. Tumbo halikusema neno. Shajara yangu ya tarehe 28 inaonyesha hali ya hewa, mabasi mawili, bilauri moja, chai moja, andazi moja, na chini kabisa, nililala saa kumi na robo alfajiri.